Nanga za Sakafuni kwa Kamba ya Mazoezi: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoboa Sakafu

Kutembea juu ya kamba ni sehemu ya sarakasi, sanaa iliyofundishwa kwa miaka mingi Bagamoyo, humu humu katika Mkoa wa Pwani. Aina yake ya kisasa, slaklaini, hutumia mkanda bapa wa nailoni au poliesta, na ilienezwa na wapanda miamba wa Yosemite, Marekani, kuanzia miaka ya 1980. Wakati wa kiangazi mkanda huo waweza kufungwa kati ya minazi au miembe miwili. Masika yanapoingia, viwanja vingi vya delta hujaa maji na mazoezi huhamia ukumbini au darasani. Humo hamna mnazi. Kilicho karibu ni nguzo za baraza, kuta na nondo za madirisha. Hapo ndipo hatari huanza.

Wengi hudhani kuwa kijana wa kilo 60 huvuta kilo 60. Sivyo. Mkanda wenye urefu wa mita 6 ukibonyea sentimita 30 chini ya kijana huyo, kila ncha huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 300, yaani mifuko sita ya saruji. Ukikazwa zaidi hata ubonyee sentimita 15 tu, nguvu hiyo hufikia kilo 600. Akirukaruka, huzidi. Mabaharia wanalijua hilo: kamba iliyokazwa mno ndiyo ikatikayo.

Ukuta wa tofali hujengwa ubebe mzigo unaoshuka chini, si kuvutwa kwa ubavu. Kwa hiyo mkanda usifungwe kamwe kwenye ukuta, nguzo ya paa wala dirisha, kwani kinachoweza kuanguka ni jengo lenyewe, na walio chini yake ni watoto.

Sakafu nayo ichunguzwe. Sakafu nyingi ni tabaka jembamba la zege lililopakwa niru juu ya udongo ulioshindiliwa. Bolti iliyopigwa humo hung'oka pamoja na kipande cha sakafu. Penye udongo wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nyufa huongeza udhaifu huo.

Njia ya kuaminika ni kukata sakafu, kuchimba shimo na kumwaga bonge la zege kila upande. Bonge la sentimita 80 kwa urefu, upana na kina lina uzito wa karibu kilo 1,200. Pete ya chuma kinene huzamishwa humo, miguu yake ikiwa imekunjwa na kufungwa chini ya wavu wa nondo. Mchanganyiko wa kawaida ni saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Mchanga wa pwani na maji ya chumvi visitumike, kwa kuwa chumvi huozesha chuma ndani kwa ndani. Zege limwagiliwe kwa siku saba angalau, na lisivutwe kabla ya siku 28. Pete ikae ndani ya kishimo chenye kifuniko, ili ukumbi utumike kwa harusi na mikutano bila mtu kujikwaa.

Mkanda upitishwe juu ya farasi wa mbao asiyezidi sentimita 50, nanga ikiwa mita moja au zaidi nyuma yake, na magodoro yatandikwe chini. Kabla ya mtu kupanda, mifuko ya mchanga yenye uzito mara mbili ya mtumiaji itundikwe katikati, watu wote wakiwa wamesimama mbali na mstari wa mkanda. Ufa mpya au pete inayocheza ni ishara ya kusimamisha kazi.

Ukumbi wa umma ni mali ya wote. Vikundi vinashauriwa kuwasilisha maombi kwa Mtendaji wa Kata, au kwa Mwalimu Mkuu ikiwa jengo ni la shule, na kumwomba mhandisi akague sakafu na kuthibitisha vipimo kabla shimo la kwanza halijachimbwa.