Miungu ya Wagiriki ndani ya bede: tunamcheka nani?

Juma hili tuongee juu ya vitabu vya picha, vile watoto wetu wanaviita bede. Kati ya bede ambazo mtoto anaweza kuleta nyumbani, kutoka biblioteki au kwa rafiki yake, kuna zile zinazosimulia hadithi za miungu ya Wagiriki wa zamani kwa njia ya kuchekesha. Humo utamkuta Zeus, mkubwa wa miungu yote, mwenye kushika radi mkononi, anatetemeka mbele ya bibi yake Héra. Utamkuta Hercule, mwenye nguvu kupita watu wote, lakini akili yake haitoshi kujaza kijiko.

Mama anayemsikia mtoto akicheka peke yake karibu na taa ana haki ya kuuliza: hicho ni kitabu gani, na kinamfundisha nini? Sisi tunasema kitabu kisitupwe. Lakini mtoto asiachwe nacho peke yake.

Hadithi hizi zimetoka wapi

Wagiriki wa zamani walisema miungu yao inakaa juu ya mlima Olimpo, mlima wa kweli ambao uko Ugiriki hata leo, wenye urefu wa kupita metre 2.900. Miungu hiyo ilikuwa jamaa moja kubwa. Waligombana juu ya urithi, walioneana wivu, walisema uongo, walisameheana, kesho yake wakaanza tena. Ibada zile zilikwisha karne nyingi zilizopita, hadithi zikabaki.

Wamama wengi wameyasikia majina haya bila kujua. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, watu wa Listra walimwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, wakitaka kuwatolea sadaka. Hao ndio Zeus na Hermès wa kwenye bede. Na Kifaransa cha masomo kimejaa mabaki yao. Kitabu cha karte tunakiita atlasi kwa jina la Atlas, jitu lililohukumiwa kubeba mbingu mabegani. Mwalimu akisema kila mtu ana kisigino chake cha Achille, anasema juu ya shujaa ambaye hakuna silaha iliyoweza kumwua isipokuwa ikimpiga kisiginoni. Neno « céréales » ambalo tunalisoma kwenye mifuko ya unga wa uji linatoka kwa Cérès, jina ambalo Waroma walimpa mungu wa kike wa mavuno. Wagiriki walimwita Déméter. Tutarudi kwake, maana yeye ni mama.

Kuicheka miungu si jambo jipya

Mtu anaweza kufikiri kwamba vijana wa leo ndio walioanza kuzichezea hadithi za wazee. Hapana. Wagiriki wenyewe waliwacheka hao miungu wakati bado wakiwaabudu.

Katika shairi refu la Odyssée tunasikia juu ya Héphaïstos, fundi wa chuma, mwenye miguu mibovu. Bibi yake Aphrodite alikuwa anatembea na Arès, mungu wa vita. Héphaïstos akafua wavu mwembamba usioonekana kwa macho, akautega kitandani, akawanasa wote wawili. Kisha akaita miungu mingine waje kuona. Wanaume walikuja wakacheka sana. Miungu wa kike walibaki nyumbani kwa haya. Kijambo hiki kidogo tukishike.

Mwaka 405 kabla ya Kristo, katika mji wa Athènes, Aristophane alionyesha mchezo wake unaoitwa Vyura. Ndani yake mungu Dionysos anavaa ngozi ya simba ili aonekane kama Hercule, lakini safari ya kwenda kwa wafu inamtia woga mpaka anabadilishana nguo na mtumwa wake. Watu walifurahi, na mchezo ukapata zawadi ya kwanza.

Hata picha za kuchekesha zilikuwapo. Kule Vatikani wanatunza chombo cha udongo kilichochorwa kusini mwa Italia, ambako Wagiriki wengi waliishi, katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Zeus amechorwa kama mzee mwenye tumbo kubwa, amebeba ngazi, anataka kupanda kwenye dirisha la mke wa mtu. Hermès anamshikia taa. Ukiona picha ile utasema ni ukurasa wa bede.

Miaka zaidi ya elfu mbili ikapita. Huko Paris, kati ya 1841 na 1843, mchoraji Honoré Daumier alitoa picha 50 katika gazeti la Le Charivari, akiwacheka mashujaa hao. Ménélas anatoka vitani akijivuna kwamba amemrudisha bibi yake Hélène, na Hélène nyuma yake anamfanyia kidole cha dharau. Kutoka kwa picha kama zile mpaka bede za leo, njia si ndefu.

Bede za leo, na umri wa kila moja

Kwa watoto kuna Les Petits Mythos, ya Christophe Cazenove na mchoraji Philippe Larbier. Kitabu cha kwanza kilitoka Ufaransa mwaka 2012. Mmoja wa wahusika ni Totor, mtoto mwenye kichwa cha ng'ombe kama Minotaure wa hadithi. Mizaha ni mifupi, na mtoto anayeanza kusoma Kifaransa anaweza kuifuata kwa picha.

Socrate le demi-chien, ya Joann Sfar na Christophe Blain, ilianza mwaka 2002. Ni mbwa wa Hercule, nusu mbwa, nusu mwenye hekima, anamtazama bwana wake akipiga watu na kukimbiza wanawake, naye anafikiri moyoni mambo ambayo bwana hafikiri. Hiyo si ya watoto. Vile vile 50 nuances de Grecs ya mchoraji Jul, ya mwaka 2017, iliyoandikwa pamoja na Charles Pépin, mwalimu wa filozofia: miungu imeletwa katika maisha ya siku hizi, na mizaha mingi ni ya watu wakubwa. Mama asidanganywe na rangi nzuri za kifuniko. Afungue kurasa za katikati kwanza.

Halafu kuna ile inayofaa jamaa yote: Kazi Kumi na Mbili za Astérix, filamu ya michoro ya mwaka 1976, ya Goscinny na Uderzo. Kaisari anawapa Astérix na Obélix kazi kumi na mbili, kwa kuiga zile za Hercule. Lakini Hercule alipigana na simba na nyoka wa vichwa vingi, na Astérix anatumwa kwenye biro kutafuta karatasi ya ruhusa namba A 38. Anatumwa gishe hii, anarudishwa ile, ghorofa ya juu, ghorofa ya chini, huyu yuko pose, yule anasema si kazi yake. Mama aliyewahi kutafuta karatasi ya kuzaliwa ya mtoto hahitaji kuelezwa kwa nini watu wanacheka. Na Astérix anashindaje? Anaomba karatasi nyingine isiyokuwapo kabisa, A 39, mpaka wenye biro wote wanachanganyikiwa, wanampa ile ya kwanza ili aende zake.

Huo ndio mzaha mzuri. Unamcheka mwenye muhuri, haumcheki mtu aliyesimama kwenye mstari.

Mzaha unaofunika jambo

Sasa tuseme lililo zito. Si mizaha yote iko namna hiyo.

Watu wengi wanajua kichwa cha Méduse, mwanamke mwenye nyoka pahali pa nywele. Kwa mchoraji ni mzaha ulio tayari: nani atamsuka? Mtoto anacheka, na sisi pia tunaweza kucheka. Lakini Ovide, mshairi wa Roma aliyeishi wakati wa Kristo kuzaliwa, anasimulia kwamba Méduse alikuwa msichana mwenye nywele nzuri. Mungu wa bahari alimtenda kwa nguvu ndani ya hekalu la Athéna. Naye Athéna hakumwadhibu mwenye kosa. Alimwadhibu msichana, akageuza nywele zake kuwa nyoka, ili kila amtazamaye awe jiwe. Baadaye shujaa akamkata kichwa, akasifiwa.

Wamama wa Kongo wanaijua habari hii bila kusoma Kigiriki. Msichana ameumizwa, kisha watu wanauliza alikuwa anafanya nini pale. Mwenye nguvu anaendelea na maisha yake, na aliyeonewa anabadilishwa kuwa kitu cha kutisha, mtu asimtazame.

Ndivyo ilivyo kwa wengine wengi. Bede hupenda kusema Zeus « anapenda wanawake ». Lakini Europe alichukuliwa na Zeus aliyejigeuza ng'ombe dume, akavushwa bahari bila kuulizwa. Io aligeuzwa ng'ombe jike ili Héra asijue, na Héra alipojua, hasira yake ilimwangukia Io. Hapo vitabu vingi vinatuchekesha mara ya pili, kwa Héra, bibi mwenye wivu, mwenye kelele. Ni wachache wanaouliza kwa nini anapiga kelele, na kwa nini kelele zake zinaishia kwa wasichana wala hazimfikii bwana yake. Hata zile kazi kumi na mbili za Hercule zilikuwa malipo ya dhambi: katika wazimu aliotiwa na Héra, Hercule aliwaua watoto wake mwenyewe. Katika filamu ya Disney ya mwaka 1997, Héra amefanywa mama mpole wa Hercule, na wale watoto hawapo.

Hatusemi kwamba mtoto wa miaka saba aelezwe yote hayo. Vitabu vya watoto vinafanya vizuri kuacha mengine. Lakini kuacha jambo ni kitu kimoja, na kulifanya kichekesho ni kitu kingine. Mtoto mvulana anayejifunza kwamba kumbeba msichana kwa nguvu ni mchezo, na mtoto msichana anayejifunza kwamba aliyebebwa ndiye wa kuchekwa, wote wawili wameibiwa kitu.

Mama aliyegoma

Tulisema tutarudi kwa Déméter. Binti yake, Perséphone, alikuwa akichuma maua. Ardhi ikafunguka, Hadès, mkubwa wa wafu, akatoka na farasi wake, akamchukua. Zeus, baba wa msichana, alikuwa amekubali mambo hayo bila kumwambia mama.

Déméter alimtafuta siku tisa, mienge mikononi, bila kula, bila kuoga. Alipojua ukweli aliondoka kwa miungu, akakaa kati ya watu kama mwanamke mzee, karibu na kisima cha mji wa Éleusis. Akazuia mbegu zisiote. Njaa ikaingia, sadaka zikakatika, na Zeus, mwenye radi yote ile, akalazimika kumrudisha mtoto. Hakumrudisha kabisa: kwa sababu ya punje ya komamanga aliyokula kule chini, Perséphone anarudi kwa Hadès theluthi moja ya kila mwaka. Lakini mama alipigana, na dunia yote ilijua.

Na katika habari hiyo kuna mtu mmoja wa kuchekesha. Déméter alipokuwa katika nyumba ya wenyeji wake, amefunika uso, hasemi, hali, mwanamke mtumishi jina lake Iambé alimletea kiti, akatandika ngozi, akaanza kumtania. Akatania mpaka mama mwenye huzuni akatabasamu, kisha akacheka, kisha akakubali kunywa uji wa shayiri na majani ya mnanaa.

Tazameni tofauti. Wale wanaume kwenye kitanda cha Héphaïstos walicheka kwa kuwa wengine wameaibika. Iambé alichekesha ili mama aliyefiwa na furaha aweze kula. Katika vikundi vyetu tunao akina Iambé. Kila kilio kina mama mmoja anayejua saa ya kutia neno la kuchekesha, na baada ya neno lile mtu anameza kijiko cha kwanza.

Tusome namna gani

Mtoto akileta bede ya namna hii nyumbani, keti naye angalau kurasa chache. Kama Kifaransa ni kigumu kwako, mwambie akufasirie. Hiyo nayo ni somo kwake, na atajivuna. Mkimaliza mzaha mmoja, muulize mambo matatu: Hapa tunamcheka nani? Yeye ndiye mwenye nguvu, au ndiye aliyeonewa? Kama huyu angekuwa dada yako, bado ungecheka?

Akijibu kwamba tunamcheka Zeus aliyejificha, mwacheni acheke mpaka machozi yatoke, nanyi mcheke. Mkubwa anayechekwa anapungua ukubwa kidogo, na mtoto anajifunza kwamba cheo hakimfanyi mtu kuwa na haki. Akijibu kwamba tunamcheka msichana aliyebebwa, usimpige wala usichome kitabu. Mwambie habari ya Déméter, uanzie pale ardhi ilipofunguka.

Na katika mkutano wa kikundi, jaribuni kuisimulia habari hiyo kwa midomo yetu wenyewe, bila kitabu. Mmoja awe Déméter, mmoja Zeus aliyeishiwa sadaka, na yule mama anayejulikana kwa utani apewe nafasi ya Iambé. Watoto wakae mbele, wavulana na wasichana pamoja, wasikie kicheko kinaanzia wapi.