Lawama Hizi Zawaonea Akina Mama

Mama akikaa miaka mitatu katika ndoa bila ya kupata mtoto, hapa Kariakoo hazikosekani ndimi za kumsema. Mmoja atasema ni jini, wa pili atasema ni mambo ya usichana wake, na wa tatu, akimtazama alivyonenepa, atasema ni ulafi. Mume haulizwi neno. Twapenda kusema wazi kwamba maneno hayo ni ya ujinga, nayo yamevunja nyumba ambazo zingesimama.

Yapo maradhi ambayo madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliyaeleza mwaka 1935. Katika ovari za mwanamke huonekana vifuko vingi vidogo vyenye mayai yasiyopevuka. Hedhi hupotea kwa miezi, ndevu huota kidevuni, chunusi hujaa usoni. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa katika kila wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, kati ya 6 na 13 wanayo, na wengi wao hawajapata kuambiwa. Hata wembamba huyapata. Basi ulafi uko wapi?

Mwili wa wengi wenye maradhi haya hauitikii vema insulini, ile homoni inayotawala sukari katika damu. Hapo mwili hutoa insulini zaidi, nayo ikizidi huzichochea ovari kutoa homoni za kiume kupita kiasi, na yai halipevuki. Unene huzidisha mambo hayo.

Lakini mwenye kilo 90 halazimiki kuwa kama mwanzi. Akipunguza kilo 5 hadi 9 tu, mara nyingi hedhi hurudi katika utaratibu wake. Wala hapana chakula cha ajabu: mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 haukuona mpango mmoja wa kula unaoshinda mingine. Basi fedha za chai za kupunguza tumbo zinazotembezwa mitaani na zinunue kunde, choroko, mchicha, matembele, bamia na dagaa. Dona ni bora kuliko sembe. Chungwa liliwe, lisikamuliwe. Cha kupunguza ni soda, maandazi ya asubuhi, chipsi mayai ya usiku, na ile chai ya vijiko vinne vya sukari ambayo sisi watu wa pwani twaiita ukarimu.

Mama hawezi kupika vyungu viwili. Mume arudiye jioni na soda kubwa na mfuko wa chipsi, kisha akamwambia mkewe apungue, anamdhihaki.

Tena hospitali isisahauliwe. Maradhi haya huvuta kisukari, hivyo sukari ya damu yapasa ipimwe, na dawa za kusaidia yai kupevuka zipo. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili hufikika kwa miguu, na mwendo huo wenyewe ni dawa. Siku hiyo bwana asibaki kibarazani. Aandamane na mkewe, na mbegu zake nazo zipimwe.