Maiti atasafirishwa au itasafirishwa?

Na Mwandishi Wetu, Adelphi, Maryland

Kiswahili kinaweza kumshusha mtu hadhi kwa silabi moja tu. Sema "mzee yule amekuja", umemheshimu. Sema "kizee kile kimekuja", umemweka pamoja na kiti na kikombe. Wanasiasa wetu wanaijua sana mbinu hiyo, ndugu msomaji, hasa majukwaani.

Kwa kawaida viumbe hai hulindwa. Kiboko na kifaru wana umbo la kiti, lakini kiboko anaogelea wakati kiti kimevunjika. Malaika na mashetani nao wamo. Mti je? Unaota, unakula, unakufa, na bado tunasema umeanguka, kama mkate uliotoka mezani.

Hapa Adelphi, nje kidogo ya Washington, tunaishi katika nchi ya Wapiscataway, ambao jimbo la Maryland liliwatambua rasmi mwaka 2012. Lugha yao, ambayo padri Mjesuti Andrew White, aliyefika mwaka 1634, aliiandikia sala, ni ya ukoo wa Algonquian. Lugha za ukoo huo hugawa majina yote mafungu mawili, yenye uhai na yasiyo na uhai. Kwa Kiojibwe, ndugu yake wa mbali, jiwe lina uhai, na birika la kupikia pia. "Mitig" ukiwa mti uliosimama ni hai. Ukiwa kijiti si hai, na wingi wake hubadilika. Ajabu zaidi, tunda la raspiberi ni hai, stroberi si hai! Asiwepo wa kuwacheka, sisi wenyewe tuna yetu.

Yetu ni maiti. Wengine husema "maiti amezikwa", wengine "maiti imezikwa", na wote ni Waswahili safi. Huku ughaibuni neno hilo halikwepeki, kwani msiba ukitokea simu zinajaa matangazo ya mchango wa kumrudisha mtu nyumbani. Kwa sisi ambao hatujui kama tutarudi tukiwa wazima, sarufi hiyo si ya darasani.

"Marehemu" hana utata: ameacha mjane, atasafirishwa Jumamosi. Ndilo neno ninaloliandika ninapoombwa kusahihisha tangazo. "Mwili" nawaachia watu wa ndege, ambao huusafirisha katika sehemu ya mizigo.