Aliye Juu Mngoje Chini: Jinsi Nishati Inavyowekwa Akiba na Inavyohama

Kila mtu aliyepata kusafiri kwa lori au basi kutoka Limuru kuteremka Mai Mahiu huenda amekwisha kunusa ile harufu kali ya breki zinazopata moto. Wengi hudhani kwamba ni dalili ya gari bovu tu. Lakini harufu hiyo yatangaza jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba nishati iliyokuwa imewekwa akiba inatafuta mahali pa kwenda. Dereva asiyelijua jambo hilo aweza kupoteza maisha yake na ya abiria wake, hata ikiwa gari lake lilitoka gereji jana yake. Kwa hiyo yafaa tulieleze taratibu, tangu mwanzo wake, ili mwenye gari na asiye na gari wote walifahamu.

MAANA YA NISHATI

Katika mazungumzo ya kila siku neno "nguvu" hutumika kwa mambo mengi: nguvu za ng'ombe, nguvu za sheria, nguvu za dawa. Wataalamu wa fizikia walihitaji neno lenye maana moja tu, nao hulitumia neno "nishati". Nishati ni uwezo wa kutenda kazi. Na kazi, kwa maana yao, ni kukisukuma au kukiinua kitu hata kikaondoka mahali pake. Mama anayeinua debe la maji kutoka chini mpaka kichwani ametenda kazi. Lakini mtu anayesukuma ukuta usiondoke, hata akitoka jasho namna gani, hakuutendea ukuta huo kazi yo yote.

Kipimo cha nishati huitwa jouli. Ukikiinua kitu chenye uzito wa kilo moja kwa kimo cha mita moja, umetumia karibu jouli 10. Basi debe lenye lita 20 za maji, likiinuliwa mita moja na nusu, hutaka jouli 300 hivi.

Je, jouli hizo 300 zimekwenda wapi? Hazikupotea. Zimewekwa akiba, kwa sababu debe sasa liko juu, na kitu kilicho juu chaweza kushuka na kutenda kazi kinaposhuka. Ikiwa debe litaponyoka na kuanguka, jouli zile zile zitaonekana katika mwendo wake, na katika kishindo chake linapofika chini. Wazee wetu waliposema "Aliye juu mngoje chini" walikuwa wakiwaonya wenye kiburi; lakini maneno hayo hayo yaeleza vizuri sana hali ya maji mlimani, jiwe kileleni, na lori juu ya mteremko.

AKIBA ZA NAMNA NYINGI

Kimo si ghala pekee la nishati. Upinde uliovutwa una akiba, na manati kadhalika. Ndiyo maana mshale huruka mara kamba inapoachwa. Utepe wa chuma ndani ya saa ya kutiwa ufunguo una akiba inayozungusha mishale mchana na usiku. Kuni, mkaa, dizeli na betri zina akiba iliyofichika katika maumbile ya vitu vyenyewe, nayo hutoka vitu hivyo vinapoungua au vinapogeuka kuwa vitu vingine. Hata unga wa mahindi una akiba: kilo moja yake ina karibu jouli milioni 15, na ndiyo hiyo inayolima shamba kwa mikono ya mkulima.

Tukifuatia akiba hizi nyuma mpaka chanzo chao, mara nyingi twalifikia jua. Mahindi na miti hukua kwa mwanga wa jua. Petroli na dizeli zatokana na viumbe vidogo vilivyoishi zamani sana kwa msaada wa jua hilo hilo. Mvua nayo isingenyesha milimani kama jua lisingaliyageuza maji ya bahari kuwa mvuke na kuyapandisha juu.

SHERIA ISIYOVUNJWA

Tumtazame mwindaji mwenye upinde. Chakula alichokula kimeipa mikono yake nishati. Mikono imeuvuta upinde na kuihamishia humo. Upinde umeusukuma mshale. Mshale umeuchoma mti na kusimama. Sasa mwendo umekwisha. Je, nishati nayo imekwisha? La. Mahali mshale ulipochoma pamepata joto kidogo, dogo mno hata mkono hauwezi kulihisi.

Ndivyo ilivyo po pote. Nishati haizaliwi upya wala haifi. Huhama kutoka kitu hata kitu, na hugeuka kutoka namna hata namna, bali jumla yake haipungui wala haiongezeki. Ni kama shilingi inayotoka mfuko huu kwenda mfuko ule. Ila yako jambo moja la kukumbukwa: joto lililotawanyika ni kama senti zilizomwagwa mchangani. Zipo zote, lakini kuzikusanya tena ni kazi ngumu mno. Kwa sababu hiyo, mtu akikuuzia mashine ambayo yadaiwa itajiendesha daima bila mafuta, bila jua, bila maji wala upepo, mwache aende na mashine yake, nawe ubaki na fedha zako.

Sheria hii haikujulikana kwa urahisi. Zamani wengi waliamini kwamba joto ni kitu kama maji, kilichojificha ndani ya vitu vyote. Benjamin Thompson, mzaliwa wa Amerika aliyejulikana kwa jina la Count Rumford, alikuwa akisimamia kazi ya kutoboa mizinga mjini Munich. Katika taarifa aliyoitoa mwaka 1798 alieleza jinsi mzinga uliozungushwa na farasi, ukisuguana na chuma, ulivyoyachemsha maji katika muda wa saa mbili na nusu bila moto wo wote. Joto lile halikuisha maadamu farasi waliendelea kuzunguka. Basi akaona kwamba joto lile lilitoka katika mwendo.

Baadaye James Prescott Joule wa Uingereza, ambaye jamaa zake walikuwa na kiwanda cha pombe huko Salford, alitaka kujua hesabu kamili. Alifunga vizito katika kamba, navyo vilipoteremka vilizungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji. Kisha akapima kwa uangalifu mkubwa jinsi maji yalivyopata joto. Mwaka 1850 alitangaza kwamba ratili 772 zikishuka futi moja, joto lipatikanalo latosha kuipasha ratili moja ya maji digrii moja ya Farenhaiti. Kwa kumheshimu yeye kipimo cha nishati kikaitwa jouli.

MAJI YA MTO TANA

Hapa kwetu Kenya mfano ulio wazi wa nishati iliyowekwa akiba ni yale mabwawa matano ya mto Tana. Kindaruma lilianza kutoa umeme mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Maji hushikwa yakiwa juu, kisha huteremshwa kwa mabomba makubwa, yakazungusha mitambo, na mitambo ikatoa umeme.

Masinga ndilo bwawa lililo juu kuliko yote na lenye ziwa kubwa kuliko yote. Ni ghala la taifa: maji ya masika huwekwa humo ili yapate kuteremshwa kiasi kiasi wakati wa kiangazi, yakipita mtambo baada ya mtambo. Akiba haiozi, lakini huisha ikitumiwa bila kuongezwa. Ndiyo sababu mvua ikikosekana katika milima ya Kenya na Nyandarua, taa za mjini nazo huwa hatarini.

Watu wengine hudhani kwamba maji yaliyokwisha kutoa umeme yamenyonywa uzuri wake, hata hayafai tena kwa shamba. Dhana hiyo haina msingi. Kilichochukuliwa ni nishati ya kimo chake tu. Maji yenyewe ni yale yale, nayo yafaa kunyweshea mimea na mifugo kama kwanza. Kama yangalibaki bila utumwa ule, yangaliporomoka juu ya mawe, na nishati ile ingaligeuka kuwa joto dogo lisilomfaa mtu.

LORI JUU YA MTEREMKO

Sasa turudi kwenye barabara. Tuseme lori pamoja na shehena yake lina uzito wa tani 30, nalo liko juu ya mlima wenye kimo cha mita 500. Zidisha kilo 30,000 kwa 10, kisha kwa 500, utapata jouli milioni 150. Hiyo ndiyo akiba ya lori. Ililipwa kwa dizeli wakati lilipopanda. Lita moja ya dizeli ina karibu jouli milioni 36, lakini injini hugeuza kama theluthi moja tu kuwa kazi ya kusukuma gari. Kwa hiyo lori lilitumia lita 12 hivi kwa ajili ya kuinuka tu.

Linapoteremka, deni hilo lote lazima lilipwe. Sehemu moja huchukuliwa na upepo unaolipinga gari, na sehemu nyingine na matairi yanayojipinda. Iliyobaki ina njia mbili tu: ama igeuke kuwa mwendo, ama igeuke kuwa joto. Kama yote ingegeuka kuwa mwendo, lori hilo lingefika chini likienda kilomita 360 kwa saa. Kama yote ingegeuka kuwa joto, ingetosha kuzipasha lita zaidi ya 440 za maji kutoka digrii 20 hadi digrii 100 za Selsiasi, yaani mapipa mawili makubwa na zaidi. Na lori likishuka kwa muda wa robo saa, ni kama pasi za umeme zaidi ya 160, kila moja ya wati 1,000, zimewashwa pamoja chini ya gari.

Breki hazifanyi muujiza. Kazi yake ni kuugeuza mwendo kuwa joto kwa kusugua, kama ule mzinga wa Munich. Joto likizidi, chuma cha breki hutanuka na kuachana na kile kinachokisugua, na kitambaa cha breki hupoteza ukali wake. Hapo dereva hukanyaga mpaka chini na gari lisisimame. Msiba wa namna hiyo wafahamika sana katika miteremko yetu mirefu.

Yafaa dereva ashike mambo haya:

Kwanza, atie gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, akiwa bado juu. Gia ndogo huilazimisha injini kusukuma hewa na kushinda misuguano yake yenyewe, na joto hilo hutoka kwa bomba la moshi na kwa rejeta, badala ya kuzielemea breki peke yake.

Pili, asitoe gia kamwe ili gari lijiendee lenyewe kwa kusudi la kuokoa mafuta. Senti chache anazookoa hulipwa na breki, na breki zikishindwa hulipwa na watu.

Tatu, aende polepole tangu mwanzo. Mwendo ukiongezwa mara mbili, nishati yake huongezeka mara nne. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati mara nne ya lile linalokwenda 40.

Nne, asizidishe shehena. Kila tani iliyoongezwa juu ya mlima ni joto lililoongezwa katika breki.

Tano, akisikia harufu au akiona moshi, asimame mahali palipo salama, aweke mawe nyuma na mbele ya magurudumu, angoje mpaka breki zipoe zenyewe. Asizimwagie maji, kwa maana chuma chenye moto kikipozwa ghafula huweza kupasuka.

Abiria naye ana haki ya kusema. Akiona dereva ametoa gia mlimani, amwambie kwa adabu na bila woga.

Magari ya umeme yaonyesha kwamba deni hili laweza hata kuleta faida. Katika basi la umeme, kama yale yaliyoanza kutumika Nairobi mwaka 2022, mota inayosukuma magurudumu yaweza kugeuka kuwa mtambo wa kutoa umeme wakati wa kuteremka. Badala ya kumwaga nishati yote hewani kama joto, basi hurudisha sehemu yake katika betri, ikatumika tena kupanda mlima unaofuata. Lakini hata basi hilo lina breki za kusugua, na dereva wake hana budi kwenda kwa hadhari.

Hesabu ya nishati haisamehe wala haisahau. Kila mita iliyopandwa imeandikwa, na itadaiwa wakati wa kushuka. Dereva mwenye busara huanza kulipa mapema, kidogo kidogo, akiwa bado juu.