Mfumo mpya wa kumbukumbu hausafishi makosa ya daftari la zamani

WAHENGA walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika chuo kikuu, mali ya mwanafunzi ni alama zake, na daftari ni kumbukumbu zinazotunzwa na msajili. Ndiyo sababu chuo kinapoacha programu ya zamani na kununua mpya, hatari kubwa haimo katika mitambo bali katika kumbukumbu zinazohamishwa.

Malalamiko kuhusu alama zilizopotea si mageni katika vyuo vikuu vya umma nchini. Mwanafunzi hufanya mtihani, karatasi yake ikasahihishwa, lakini matokeo yasionekane popote. Alama za somo moja zikikosekana, jina lake huachwa nje ya orodha ya mahafali. Wasimamizi aghalabu hudhani kuwa programu mpya italimaliza tatizo hili. Ukweli ni kwamba programu hutunza inachopewa: ikipewa kosa, itatunza kosa.

Makosa yenyewe ni ya aina zinazojulikana. Kwanza ni majina. Mtu anaweza kuwa na majina matatu katika cheti cha kuzaliwa, mawili katika cheti cha KCSE, na mpangilio mwingine katika kitambulisho. Karani humtambua kuwa ni yule yule. Tarakilishi humwona kuwa ni watu watatu. Jina au nambari isipolingana na ile iliyo katika ombi lake la mkopo wa HELB, fedha huweza kuchelewa.

Pili ni nambari na tarehe. Nambari ya usajili inayoanza kwa sifuri ikipitishwa katika majedwali ya tarakilishi, sifuri hiyo huweza kufutika, na karo iliyolipwa ikakosa mwenyewe. Vivyo hivyo, 03/04 ni Aprili 3 kwetu, lakini ni Machi 4 kwa programu inayofuata utaratibu wa Marekani.

Tatu ni mitaala. Somo likipewa nambari mpya, aliyelisoma kwa nambari ya awali huonekana kana kwamba hakulisoma kamwe.

Kosa baya zaidi ni nafasi tupu kugeuzwa sifuri. Nafasi tupu humaanisha kuwa alama hazijawasilishwa. Sifuri humaanisha kuwa mwanafunzi ameanguka. Hivyo basi, mwanafunzi ambaye mhadhiri wake alichelewa huamriwa kurudia somo alilokwisha kufaulu.

Makosa haya yanaweza kudhibitiwa. Hatua ya kwanza ni kutoifunga programu ya zamani siku mpya inapozinduliwa. Ibaki ya kusomwa tu, bila kubadilishwa, hadi kundi la mwisho la wanafunzi waliosajiliwa humo litakapohitimu.

Hatua ya pili ni kulinganisha hesabu. Idadi ya wanafunzi, idadi ya alama na jumla ya karo katika kila kitivo ziwe sawa kabla na baada ya kuhama. Hata hivyo, hesabu kulingana hakutoshi. Matokeo ya wanafunzi kadhaa wa kila idara yapimwe dhidi ya karatasi zilizotiwa saini na bodi ya mitihani.

Hatua ya tatu ni kumpa kila mmoja wajibu wake: alama ziwe za idara, karo ya afisi ya fedha, majina ya msajili. Mtaalamu wa tarakilishi asiruhusiwe kurekebisha alama, hata kwa nia njema. Kila badiliko lionyeshe aliyelifanya, siku aliyolifanya na idhini aliyopewa, la sivyo mlango wa rushwa utakuwa wazi.

Hatua ya nne inahusu haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kutaka habari zisizo sahihi kumhusu zirekebishwe. Kwa hivyo chuo hakimfanyii mwanafunzi hisani kinaposahihisha kumbukumbu zake. Kila lalamiko lipewe nambari na siku ya kujibiwa, na mlalamishi asizungushwe baina ya idara na masijala. Uchunguzi ukiendelea, asizuiwe kufanya mitihani kwa kosa lisilo lake.

Wanafunzi nao wasilale. Wahifadhi risiti za karo, kadi za mitihani na nakala ya matokeo ya kila muhula, kwani karatasi hizo ndizo ushahidi mzozo unapozuka.

Kazi hii haikamiliki kwa wiki moja. Yapo makosa yasiyojitokeza hadi msimu wa mitihani, na mengine hadi orodha ya mahafali inapoandaliwa. Chuo kinachowaachisha kazi makarani wa masijala mara tu programu inapowasili hujidhulumu. Karani aliyekaa humo miaka 20 anajua ni kwa nini faili fulani ina nambari mbili, na ujuzi huo hauuzwi pamoja na programu yoyote.