Je, Wajua? Pwani ya Ngoma na Pwani ya Usingizi

Sogea hapa barazani, wewe unayepanga likizo ya pwani na mwenzio. Yeye anataka muziki hadi alfajiri, wewe unataka kulala. Kabla hamjanuniana, sikiliza haya.

Je, wajua kwamba Unguja haizidi kilomita 90 kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini? Unaweza kupanga chumba Jambiani penye ukimya, jioni ukala urojo Mji Mkongwe, na ukawa kitandani kabla ya usiku wa manane. Ugomvi umekwisha, au sivyo?

Haujaisha, maana bahari nayo ina neno. Siku za bamvua, maji ya Zanzibar hupanda na kushuka karibu meta 4. Huo ni urefu unaompita mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenzake! Paje na Jambiani, kule mashariki, ufuo ni tambarare, kwa hiyo maji yakipwa unatembea na kutembea, hata karibu kilomita nzima, bado yako magotini. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, ufuo umeinama na maji hayaendi mbali. Unaogelea saa yoyote utakayo, na mimi nasema hapo ndipo ilipoanzia shamrashamra yote ya kaskazini: penye maji ya kuogelea mchana kutwa, baa haikawii.

Na shika hii, itakufaa kuliko ramani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, Zanzibar bahari hupwa katikati ya asubuhi na kujaa alasiri. Subiri wiki moja tu, mambo yanageuka: saa nne asubuhi maji yamejaa! Kila siku saa zinasogea kwa dakika 50 hivi, basi muulize mvuvi kabla ya kulipia chumba.

Je, wajua kwamba sherehe ya mwezi mpevu ya Kendwa huangukia karibu na siku zilezile za bamvua? Kabla ya usiku wa manane maji yamepwa na mchanga umezidi upana. Wachezaji wanapata uwanja wa bure kutoka baharini, wala hakuna aliyeuandaa.

Wewe wa ukimya, usicheke. Ule ufuo wako mtulivu wa Paje, maji yakipwa asubuhi, ni mahali pa kazi. Tangu 1989 mwani unalimwa Unguja kwa biashara, na wakulima wengi ni wanawake, nao huwa wamefika kabla hujafungua jicho. Mwani huo huuzwa nje ya nchi, na utomvu wake huingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Huenda asubuhi hii umepiga mswaki kwa jasho la mama wa Paje!

Alasiri Paje ileile inajaa vishada vya rangi angani na watu wanaoburutwa juu ya maji. Wanafuata pepo mbili tu: kaskazi, Desemba hadi Machi, na kusi, Juni hadi Septemba. Njoo katikati, wakati wa masika, nusu ya hoteli utadhani zimehamwa. Nyingine hufunga kweli.

Machweo je? Kaskazini jua linazama baharini mbele ya meza yako, mashariki linachomoza baharini mbele ya kitanda chako. Lakini je, wajua kwamba Michamvi Kae, ingawa iko pwani ya mashariki, inatazama magharibi? Iko kwenye rasi iliyojikunja kuikumbatia ghuba ya Chwaka, basi unapata machweo upande usio wake. Na hapo jirani, Pingwe, kuna mgahawa juu ya jiwe: maji yakipwa unaufikia kwa miguu, yakijaa unarudishwa kwa mashua.

Sasa zama nami chini kidogo. Unasema umechagua ufuo wa kimya? Miambani yumo kamba mdogo, hazidi kidole chako, anayefyatua gando lake na kutoa mlio wa zaidi ya desibeli 200 majini. Povu linalopasuka hapo, kwa kufumba na kufumbua, hufikia maelfu ya nyuzi za joto. Disko zote za Kendwa hazimwezi.

Na watoto wa samaki wanaupenda mlio huo! Wakiwa wadogo mno, hurudi mwambani kwa kufuata kelele zake. Mwamba uliokufa una kelele chache, na wengi wanaupita.

Jirani wa kamba huyo ni pono, ambaye wazee wetu walimsingizia usingizi wala hawakukosea. Baadhi ya pono, kabla ya kulala, hujitengenezea chandarua cha ute na kujifunika gubigubi hadi asubuhi. Na mchana wanatafuna matumbawe na kutoa mchanga. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Ule mchanga mweupe ulipotandika taulo lako, ndugu yangu, sehemu yake imepitia tumboni mwa samaki. Lala salama.

Twende Pemba, kwa wapenda ukimya sugu. Je, wajua kwamba tangu 2013 kuna chumba cha hoteli baharini ambacho kitanda chake kiko meta 4 chini ya maji? Unalala, samaki wanakuchungulia dirishani. Chumbe nako, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, kuna vibanda 7 tu vya wageni, mnara wa taa wa 1904, na kaa wa nazi wanaoweza kufika kilo 4. Ukisikia kitu kinakwaruza gizani usipige kelele, ni mwenyeji.

Kisiwa cha Changuu ni kichekesho kingine. Jela ilijengwa huko 1893, na haikufungiwa mhalifu hata mmoja; waliotengwa kisiwani walikuwa abiria wa meli walioshukiwa homa ya manjano. Kobe wakubwa waliletwa kutoka Shelisheli 1919, wanne tu, na leo ndio wenye kisiwa. Baadhi wana zaidi ya miaka 100 na hawajaona haja ya kuharakisha.

Wakenya mnacheka? Mtwapa, ambako usiku hauna maana, kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa karne ya 14 ulioachwa, mahame yake yakiangalia bahari. Kutoka kwenye nyama choma na spika hadi kwenye ukimya wa miaka 600 ni safari fupi ya bodaboda!

Diani, penye hoteli msururu, mbega wana madaraja yao ya kamba juu ya barabara. Shirika la kuwalinda lilianza 1997, na sasa mbega wanavuka juu huku foleni ikipiga honi chini. Shela, Lamu, kuna takriban kilomita 12 za mchanga mtupu, na mitaa ya mji wenyewe ni ya punda. Ila ukisema punda ni mkimya, hujawahi kuamshwa naye saa kumi alfajiri.

Hii nayo nimeiweka makusudi. Malindi, watu wakiota jua, roketi zilikuwa zikirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini, kaskazini mwa mji. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, walirusha setilaiti, ndiyo ya kwanza duniani iliyotengwa kupima mionzi ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Na wewe ulidhani kelele za pwani ni za ngoma tu!

Watamu, chagua hoteli yenye taa hafifu. Vitoto vya kasa vikitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga, vikidhani ndio bahari. Taa za baa huvipeleka barabarani. Na joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: ukiwa moto sana, huzaliwa majike watupu.

La mwisho ni la wewe uliyekwishaamua kwenda Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa sababu hapana fujo. Je, wajua kwamba kila Julai, kwa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, wanaume wa huko huchapana kwa migomba hadharani, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba? Wenyeji husema siku hiyo nyumba isiyo na mgeni ina nuksi. Basi ukiitwa, ingia, na ule mpaka wakuachie.