Moyo kama mtoto aliyeachishwa ziwa



Wengi wetu usiku tunalaza mwili tu, kichwa kinabaki macho. Minervali haijapatikana, siku ya kuweka likilimba inakaribia, mtoto ana homa, na habari za vita haziishi. Tunaomba sana, lakini mara nyingi sala yetu ni orodha ya shida tunazomsomea Mungu. Tukisema amina, hofu iko palepale.

Kuna namna ya kale ya kusoma Biblia inayofundisha moyo kutulia. Katika karne ya 12, Guigo wa Pili, mkubwa wa watawa wa Grande Chartreuse katika milima ya Ufaransa, aliieleza kama ngazi yenye vipandio 4: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele ya Mungu. Aliilinganisha na kula. Kusoma ni kutia chakula kinywani, kutafakari ni kukitafuna, kuomba ni kupata ladha yake, na kutulia ni utamu wenyewe.

Tuchukue Zaburi ya 131, yenye mistari 3 tu. Mwimbaji anaifananisha nafsi yake iliyotulia na mtoto aliyeachishwa ziwa, akiwa na mama yake. Nani anaelewa hayo kuliko sisi? Mtoto anayenyonya, ukimbeba tu, anasikia harufu ya maziwa, anavuta nguo, analia. Aliyeachishwa hatafuti maziwa tena. Anamtaka mama mwenyewe. Anaegemea kifuani, basi. Lakini tunajua hakufika hapo bila kulia usiku kadhaa. Moyo nao hautulii kwa siku moja.

Jaribu hivi, dakika 10, kabla nyumba haijaamka. Soma polepole, kwa sauti, mara 2. Mama asiyejua kusoma amwombe mtoto amsomee. Neno linaingia hata kwa sikio. Shika neno 1 lililokugusa, nawe ulirudie hata unapotwanga sombe. Kisha mwambie Mungu ukweli wako, hata hasira yako. Mwisho nyamaza, usiombe kitu. Mawazo ya deni yakirudi, usipigane nayo. Rudia lile neno.

Tusidanganyane: utulivu huu haulipi minervali, wala si dawa ya homa. Tena usitumiwe kumnyamazisha mama anayepigwa nyumbani. Huyo atafute msaada, na sisi tumsindikize. Nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19, alimsikia Mungu katika sauti ndogo, baada ya upepo, tetemeko na moto. Sauti hiyo haikumwacha akae pangoni. Ilimrudisha njiani, kwenye kazi yake.

Juma hili, katika kikundi chenu, someni zaburi hiyo pamoja. Kila mama ataje neno 1 tu lililomgusa, pasipo mahubiri. Kisha mnyamaze pamoja kidogo, kabla ya kuhesabu pesa za likilimba.